Gari ya Kumtosha Mama Mkwe na Kofia Yake

Kabla ya gari kuna kofia. Ukinitaka nikueleze gari ilivyonunuliwa niiache kofia, nitakuwa nimekupa nusu ya habari, na nusu yenyewe ile isiyo na utamu.

Pale El Alto, mji wa baridi juu milimani, mama wa heshima hatoki nyumbani bila kofia yake, ile ya duara, ngumu, inayokaa juu ya utosi kama ndege aliyetua na hana haraka ya kuondoka. Haivuliwi ovyo. Kwenye basi haivuliwi. Mvua ya mawe ikija, mama anaivalisha kofia mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe acha alowe. Sasa huyu bwana wetu, Fortunato Yujra, riziki yake ndiyo hiyo, kufufua kofia. Ukimletea kofia iliyokaliwa na mtu mnene anaiweka kwenye mvuke wa birika, anaikanda, anaipulizia, anaipiga brashi, kesho unaikuta imenyanyuka inakuangalia. Kofia zote alizizoea kama mchungaji na kondoo wake. Moja tu aliiogopa, na hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Hilaria, au doña Hilaria kama wanavyosema kule.

Doña Hilaria aliuza viazi sokoni maisha yake yote mpaka magoti yakagoma. Mdogo wa mwili, lakini akikutazama unajiona umepungua uzito. Na tangu Fortunato amwoe binti yake, Saturnina, hajawahi kumwita mwanangu. Alimwita "huyo bwana." Huyo bwana amekula? Huyo bwana amerudi? Huku bwana mwenyewe kakaa mbele yake ana kijiko mkononi.

Na alikuwa na sababu, tusimwonee. Sababu ilikuwa keki.

Harusi za kule kila kitu kina msimamizi wake. Huyu anasimamia pete, huyu bia, huyu muziki, mwingine keki, na kila mtu anajua nani kaleta nini na kimefikaje. Sasa miaka ya nyuma Fortunato na Saturnina walisimamia keki ya mpwa wao. Walikuwa na gari, nyekundu, inang'aa kama pipi iliyolambwa, na Fortunato aliinunua kwa ajili ya huo wekundu na si kitu kingine. Njia nzima alikuwa anatazama nani anamtazama. Karibu na mji wa Achacachi ikapiga chafya, ikatoa moshi, ikafa. Keki ikapandishwa lori la kondoo, kwa kuwa ndilo lililopita. Ilipofika harusini, juu ya ile krimu nyeupe palikuwa na alama za kwato, zimepangana vizuri mpaka ungedhani ni mapambo.

Tangu hapo kwa mji mzima yeye ni Don Kwato, yaani Bwana Kwato. "Don Kwato, kofia yangu tayari?" Anapita sokoni, nyuma ya mafungu ya vitunguu mtu analia, "Meee!" Akigeuka, kila mtu anapanga vitunguu.

Basi, dada yake Saturnina, Primitiva, anayekaa Sorata kule chini ya mlima, akawa anamwoza binti yake Yovana. Bibi harusi kataka keki ya El Alto, ya ghorofa tatu, yenye ngazi pembeni. Primitiva akapiga simu.

"Keki tunawapa nyie tena," akasema. "Damu ni damu. Lakini Saturnina, nisikilize. Ikija na mguu wa mnyama, hata wa njiwa, msiingie ndani. Geuzeni."

Saturnina akaweka simu chini, akamgeukia mumewe.

"Safari hii sitaki gari nzuri, baba. Nataka gari ya kuaminika. Hata iwe na sura ya kiazi."

"Viazi vina kosa gani?" akauliza doña Hilaria kutoka kwenye kona yake.

"Havina kosa, mama. Vina... havina kosa."

"Na mimi naenda harusini. Nakaa mbele, magoti yangu hayakunjiki huko nyuma. Na kofia sivui."

Hayo ndiyo yakawa masharti. Milango minne, iwake asubuhi ya baridi, breki zishike, isichemke, na mama akae mbele na kofia kichwani. Fortunato akajua hapa ananunua jina lake. Keki ikifika salama, Don Kwato anakufa. Isipofika, hilo jina litaandikwa kwenye kaburi lake.

Alhamisi wakaenda gulioni. Gulio la magari la El Alto ni barabara nzima, magari yamejipanga pande zote mbili, boneti wazi, kama watu wanaosubiri daktari wa meno. Saturnina ana kimo cha mama yake, na siku hiyo alivaa kofia ya mama yake, kwa kazi maalumu. Fortunato anainamia injini, anafumba macho anaisikiliza kama anayesikiliza redio ya jirani, halafu anasema, "Injini inafaa. Mama, ingia." Saturnina anaingia kiti cha mbele.

Tok! Kofia imegonga dari.

"Inayofuata," anasema Saturnina, anatoka.

Tok. Inayofuata. Ya kijani, tok. Ya kijivu haikugonga, lakini alipofunga mlango ikagonga. Watu wakaanza kuwafuata nyuma. Muuzaji mmoja kijana, shati lake wazi mpaka kitovuni kwenye baridi ile, uvumilivu ukamwishia.

"Mama mkubwa, si uivue tu kofia!"

Barabara nzima ikafanya, "Uuuuuu!"

"Mama yako naye akipanda gari unamwambia avue sketi?" akauliza Saturnina, taratibu tu.

Wee! Watu walicheka mpaka mtu akaegemea honi. Yule kijana alifunga boneti yake, akajifanya anatafuta kitu chini ya tairi, na nadhani mpaka leo hajakipata.

Mwisho wa mstari ndiyo wakamkuta don Severo, mzee mpole, amekaa kwenye kigoda anamenya chungwa, na nyuma yake gari nyeupe. Haikuwa na uzuri wowote. Nyeupe kama sahani. Imetoka Japani, ikashuka bandarini Chile, usukani ukiwa kulia kama zilivyo za huko, fundi akauhamishia kushoto kama sheria ya hapa inavyotaka. Magari ya bei ya mtu wa kawaida karibu yote yamepitia mkono huo, hakuna wa kushangaa. Ndani don Severo alikuwa ameipamba kwa siku ya kuuza, kama kitanda cha bibi harusi. Dashibodi yote, kutoka mlango hadi mlango, imefunikwa manyoya ya buluu marefu kama ya mbuzi, juu yake maua ya plastiki na mtakatifu mdogo mwenye pua iliyokatika.

Saturnina akaingia. Watu wakanyoosha shingo. Akakaa. Akafunga mlango.

Hakuna tok.

Akainua kidole, akakipitisha kati ya kofia na dari. Kikapita. Akaongeza cha pili. Vikapita viwili! Gulio likalipuka makofi, maana watu walishaanza kuwekeana dau la soda.

Fortunato akaijaribu, mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Gia zinaingia zenyewe kama kuku wakati wa jioni. Breki ukiigusa inasimama. Akatafuta mashimo ya barabarani makusudi, akayapiga moja moja, na kila shimo jicho lake liko kwenye kofia. Haikugonga! Shimo kubwa je? Haikugonga! Yule mtu alifurahi akasahau mahali alipo. Laiti angetupa jicho dogo mbele ya usukani wake, lakini nani ana jicho la ziada siku ya furaha?

"Don Severo, niambie kama ndugu. Ina tatizo?"

"Haina," akasema mzee, akampa kipande cha chungwa. "Mimi na mke wangu tumezunguka nayo nchi nzima haijatuacha njiani. Ila nikwambie ukweli, mke wangu ndiye aliyekuwa macho yangu. Bila yeye nisingejua naendaje."

Fortunato akaona mzee anazungumza mapenzi. Machozi yakamlenga. Akamshika mkono, wakamaliza biashara.

Ijumaa wakaibariki, maana gari isiyobarikiwa kule ni bati tu lenye magurudumu. Doña Hilaria akasimamia mwenyewe. Bia kidogo kwa kila tairi, kidogo kwa Pachamama, mama ardhi, asije akasema amesahauliwa. Makaratasi ya rangi, petali za maua juu ya boneti. Kisha akaleta nguo yake ya mistari, ile nzito ya kufumwa ya kubebea mgongoni, akaitandaza mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, akaikaza, akaishindilia maua mekundu nyuma na mbele, akafunga fundo la gunia la viazi.

"Atakayeifungua kabla ya Jumapili," akasema akimtazama huyo bwana, "bahati mbaya itamlalia mgongoni."

Nani angefungua?

Jumamosi asubuhi gari ikawaka kwa mara moja, baridi ile, prrr, kama paka. Saturnina akakaa nyuma, keki mapajani, kaikumbatia kama mgonjwa. Doña Hilaria akakaa mbele na kofia yake. Akaangalia yale manyoya ya buluu. Akayashika kwa vidole viwili.

"Haya ya nini? Gari ina baridi?" Akayang'oa, pamoja na mtakatifu.

Lo! Mbele yake pakawa na vioo, namba na mishale, vinamtazama. Fortunato akatazama mbele yake mwenyewe, nyuma ya usukani. Ubao mtupu wa plastiki, na tundu la kuwekea kikombe. Yule fundi alihamisha usukani akachoka, mishale akaiacha ilikozaliwa.



"Huyu bwana," akasema doña Hilaria. "Gari umenunua wewe, mwendo wake naona mimi?"

"Mama, mimi... kofia... nilikuwa naangalia kofia."

Nyuma kikaanza kicheko. Kilianza kidogo kama mluzi wa birika, kikakua, Saturnina akawa anatetemeka mwili mzima.

"Usicheke!" akapiga kelele Fortunato. "Keki!"

"Nacheka... nacheka na tumbo tu... mikono haichek..." Ikashindikana.

Hakukuwa na gari nyingine wala siku nyingine. Wakaondoka. Kwenye lami Fortunato akauliza, kwa unyonge, "Mama, hebu niambie mshale mkubwa uko wapi."

"Uko hapa."

"Hapa wapi, mama?"

"Hapa! Kidole changu hukioni?"

"Naangalia barabara, mama."

Doña Hilaria akainama, kofia ikainama naye. Shule hakwenda, ila mizani aliishika tangu meno ya utoto. "Unaonekana kama mtu aliyepima kilo arobaini," akasema.

"Hapo hapo! Hiyo ndiyo spidi!"

"Kumbe ni mizani tu!" Na sauti yake ikabadilika. "Kumbe gari ni mizani! Sitini. Sitini na tano. Wee, themanini, unampunja nani? Rudisha! Hapo, sabini, hapo mteja haoni shaka."

Basi raha ikaingia. Fortunato anakanyaga, doña Hilaria anapima, Saturnina anaimba huku nyuma bila kutikisa mabega. Wakapita pale pale ile nyekundu ilipofia. Fortunato akapiga honi mara tatu, kwa marehemu. Kundi la kondoo likawa kando ya barabara, wanawatazama.

"Meee wenyewe!" Saturnina akawapigia kelele dirishani, kaifunika keki kwa shali.

Baada ya Achacachi njia ikaanza kupanda. Inapanda, inapanda, na upepo unawapiga usoni. Doña Hilaria akainamia tena vioo vyake, akasema, "Na haka kadogo kanataka nini?"

"Kadogo kapi, mama?"

"Haka kashale kengine. Asubuhi kalikuwa kamelala. Sasa kameamka, kanapanda mlima pamoja na sisi."

Fortunato akaondoa mguu kwenye mafuta. Ile nyekundu nayo ilikuwa na kashale kama hako, mbele ya macho yake kabisa, na siku ile hakukaangalia hata mara moja.

"Kako wapi sasa?"

"Nusu. Kamepita nusu. Huku juu kuna rangi nyekundu, naona ndiko kwao."

Akasimamisha gari pembeni, akazima, akaruka nje. Akafungua boneti, joto likampiga usoni kama birika lake la dukani. Mkanda mzima. Mipira mizima. Hakuna kinachovuja. Akazunguka mbele akitafuta, akasimama. Pale mbele, mahali gari inapovutia hewa, pamezibwa kabisa, taa hadi taa, kwa nguo nzito ya kufumwa na shindilio la maua. Gari imefungwa mdomo na pua kama mtoto mwenye mafua.

Sasa nani wa kumwambia?

"Mama," akasema dirishani. "Gari inakosa pumzi."

"Unaiendesha kwa pupa."

"Mama, ni nguo yako."

Upepo ukavuma. Doña Hilaria akamtazama, na Fortunato akaona anapungua uzito, kilo kwa kilo.

"Hiyo ni baraka," akasema mama. "Baraka inazuia hewa?"

"Imekazwa sana, mama. Hakuna anayekaza kama wewe."

"Mama!" Saturnina akalia huko nyuma. "Krimu inatoa jasho! Ngazi imeanza kuegemea! Chagua nguo au keki, na uchague upesi!"

Doña Hilaria akashuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Akaenda mbele, akasogeza kiganja kwenye nguo, akakirudisha haraka. Akasimama pale, ameshika kiuno, mlima mweupe uko nyuma yake, na Fortunato anasubiri bahati mbaya imlalie mgongoni. Kisha yule mama akainama, akaanza kulifungua lile fundo mwenyewe, anapuliza vidole, huku anaongea na ardhi kama anaongea na jirani wa kibanda cha pili.

"Usikasirike, mwenzangu. Sikunyang'anyi kitu. Mtoto anakosa hewa tu. Nguo naibeba mimi, baraka ipande ndani, itakaa kiti cha mbele. Mbele ni mbele."

Akaikung'uta, akaikunja na maua yake yote ndani, akaibeba mgongoni, akaifunga kifuani kama amebeba mjukuu. Akarudi kwenye kiti.

"Washa kidogo tukaone kashale," akaamuru. Fortunato akawasha. "Bado. Bado. Hebu kaa kimya, unakatisha. Haa! Kanashuka! Kanashuka kama bei ya viazi mwezi wa mavuno! Twende!"

Basi ule mteremko wa kwenda Sorata, kona juu ya kona, bonde liko chini huko hata usiangalie, walishuka na sauti moja tu. "Arobaini! Kona hiyo, nipe thelathini! Ishirini, kuna punda! Ishirini nimesema! Saturnina, ngazi?" "Imesimama, mama!" "Haya, thelathini!" Fortunato jasho linamtoka na kicheko kinamtoka, hajui kipi kinatangulia. Maisha yake yote hajawahi kuendesha vizuri namna ile. Macho yote mawili yako barabarani kwa mara ya kwanza.

Pale Sorata watu walikuwa wamejaa mlangoni. Habari za Don Kwato kuleta keki zilikwishatangulia, na wengine nadhani walikuja kwa ajili hiyo tu, supu ya karanga baadaye. Keki ikashushwa, ikawekwa mezani. Mtu nyuma kabisa akalia, "Meee!" Primitiva akanyoosha kidole kumnyamazisha. Akaizunguka keki. Akainama. Akaangalia ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapanda kwa macho ile ngazi, kidato kwa kidato. Petali moja ya ua jekundu ilikuwa imenasa pembeni. Akaitoa, akaitazama pande zote.

"Hii si ya mnyama," akasema. "Ingieni!"

Wee, ngoma zikapigwa na matarumbeta ya shaba yakalia! Bibi harusi akamrukia Fortunato shingoni mpaka shela ikamziba macho.

"Ila nani kaendesha?" Primitiva akauliza. "Mlima ule, na keki ya ghorofa!"

Doña Hilaria ndiyo alikuwa anashuka, nguo ya maua mgongoni, kofia imenyooka, haijagonga hata mara moja.

"Mimi," akasema.

"Mama! Hujui kuendesha!"

"Nani kasema? Mimi ndiye niliyeendesha. Huyu mwanangu alikuwa ananigeuzia usukani."

Fortunato akageuka kuangalia ni mwana gani anayesemwa. Hakuona mwingine.

Mchana ule fundi mmoja, mgeni wa upande wa bwana harusi, akaikagua gari, akasema ile mishale anaweza kuihamishia kwa dereva, si kazi kubwa, hata leo. Doña Hilaria akaacha sahani yake ya supu, akaenda akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango kwa ndani, hakutoka mpaka fundi alipoapa hatagusa kitu. Kisha akatoka, akamvuta mkwewe katikati ya wacheza ngoma, magoti yale yale yaliyogoma, sketi zinazunguka, vumbi linapanda, kofia imekaa kama imegandishwa.

"Mama, taratibu!" Fortunato anahema. "Tunaenda ngapi?"

"Hamsini tu!" doña Hilaria akapiga kelele juu ya matarumbeta. "Kanyaga, mwanangu! Kashale kamelala!"